Gia ikikwaruza, usilaumu mfumo wa kusawazisha mizunguko

Mfumo unaopandisha mizunguko ya injini wenyewe unapopunguza gia, ambao Nissan 370Z ilikuja nao mwaka 2009, haukuundwa kuzuia gia zisikwaruze. Kazi yake ni kulinganisha kasi ya injini na ya giaboksi, ili gari lisishtuke unapoachia klachi. Mkwaruzo hutokea mapema zaidi, klachi ikiwa bado imekanyagwa, wakati ambapo injini inapaswa kuwa imetengana kabisa na giaboksi.

Kwa hiyo anza na klachi. Gari likiwa limesimama na injini ikiunguruma taratibu, kanyaga pedali hadi chini, subiri sekunde 5 hivi, kisha ingiza rivasi. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, huenda klachi haiachii yote, nami ningekagua kwanza mafuta ya klachi na hewa iliyonaswa kwenye mfumo wake. Lakini ikiwa ni gia moja tu inayolalamika, tuseme ya 3, tena unapobadilisha kwa haraka, shuku ringi iliyolika ya sinkronaiza (kifaa cha ndani ya giaboksi kinacholinganisha kasi ya gia kabla haijaingia) au oili ya giaboksi isiyo ya aina iliyoelekezwa na mtengenezaji.