Makonyo si Taka: Namna ya Kupata Mafuta Mazuri ya Karafuu

Msimu wa karafuu ukishika kasi Pemba, jioni kila nyumba huwa na kazi moja, kuchambua. Karafuu upande wake, makonyo, yaani vijiti vinavyobeba karafuu, upande wake. Karafuu zitaanikwa, zitalindwa na mvua, zitapimwa. Makonyo hurundikwa nyuma ya nyumba, yakarowa, yakaota ukungu, mengine yakaishia mekoni. Hiyo ni pesa inayoteketea, kwa sababu vijiti hivyo vina mafuta yanayotafutwa na watengenezaji wa manukato, sabuni, dawa za meno na viungo vya vyakula.

Kilo 100 za makonyo makavu, zikichemshwa vizuri, hutoa kilo 5 hadi 6 za mafuta. Karafuu yenyewe ina mafuta mengi zaidi, asilimia 15 na kuendelea, lakini hiyo ina bei yake ikiwa nzima, na sioni sababu ya kuitia kwenye tangi la kuchemshia. Majani makavu hutoa kilo 2 au 3 tu kwa kila 100. Mnunuzi wa mafuta haya hutazama kiasi cha yujenoli, kiini kinachoipa karafuu ukali na harufu yake, na makonyo yana sifa nzuri kwa hilo: mara nyingi mafuta yake huwa na yujenoli zaidi ya asilimia 85.

Kuhusu majani, nakuomba ndugu mkulima unielewe vizuri. Okota yaliyoanguka, au tumia yale ya matawi unayopogolea kwa sababu nyingine. Usiukwanyue mkarafuu mbichi ili upate mafuta. Wakulima wa mashariki ya Madagascar huchemsha majani kwa wingi, na inajulikana kwamba mti unaokatwa majani kila mara hupunguza maua. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Kuuvua nguo kwa chupa chache za mafuta ni hasara ambayo utaiona msimu unaofuata.

Anza na ukavu. Anika makonyo juu ya jamvi au sakafu safi ya saruji, yapindue, yaanuliwe kabla ya umande. Yamekauka ukiona kijiti kinakatika kwa mlio badala ya kupinda. Usianike barabarani, kwani vumbi na mafuta ya magari huingia. Ukiyahifadhi, yaweke kwenye magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Yaliyoota ukungu yatenge kabisa. Hata kidogo hutia harufu ya uvundo tangi zima.

Kwenye kuchemsha, makonyo yasizame majini. Yakae juu ya wavu ndani ya tangi, mvuke upite katikati yake kutoka chini. Yapange kwa usawa bila kuyashindilia, kwa sababu mvuke hupenda njia nyepesi: ukiacha pengo upande mmoja, utapita hapo na upande wa pili utabaki na mafuta yake. Chunga maji ya chini yasikauke, la sivyo utapata harufu ya moshi isiyotoka tena. Makonyo ni magumu, kwa hiyo jiandae kwa nusu siku au zaidi. Mvuke ukitoka huingia kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, ukageuka kuwa maji na mafuta, vikashukia kwenye chombo cha kutenganishia. Ukisikia harufu kali ya karafuu mdomoni mwa bomba, maji ya kupozea yamepata moto na mafuta yako yanaruka hewani. Yabadilishe.

Kuna jambo moja hapa linalowapotezea wengi mafuta. Mafuta ya mimea mingi huelea. Ya karafuu huzama. Mtu aliyezoea kuchemsha mchaichai hufungua koki ya chini ya chombo cha kutenganishia ili amwage maji, kumbe anamwaga mafuta. Kwa makonyo, maji yatoke kwa juu na mafuta yachukuliwe chini, taratibu, baada ya kutulia. Maji yanayotoka huwa meupe kama tui kwa sababu bado yamebeba yujenoli. Usiyamwage, yarudishe kwenye tangi yachemke tena. Yakianza kutoka maangavu, kazi imekwisha. Makonyo yaliyobaki yakaushe, ni kuni nzuri za mchemsho unaofuata.

Tangi, bomba na vyombo viwe vya chuma cha pua. Pipa la chuma cha kawaida hushika kutu, na yujenoli ikigusana nayo mafuta hugeuka meusi. Hifadhi kwenye chupa za kioo cheusi, zijae hadi karibu na shingo, mahali penye kivuli. Plastiki nyepesi huliwa na mafuta haya.

Msimu ukiisha, mitambo isilale. Panda mchaichai. Huwa tayari kuvunwa baada ya miezi sita hivi, kisha kila miezi miwili au mitatu ukipata mvua. Kata juu kidogo ya ardhi, acha unyauke kwa saa kadhaa kivulini, kisha uchemshe kwa saa mbili au tatu. Mafuta ni machache, gramu 200 hadi 500 kwa kilo 100 za majani mabichi, na haya huelea.

Kabla ya kununua mitambo, pita ofisi ya Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC) iliyo karibu nawe. Biashara ya karafuu na makonyo Zanzibar ina sheria zake, na kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, kipo. Kwa wengi, kukusanya makonyo makavu na safi na kuyauza kuna faida ya haraka kuliko kujenga tangi.

Kwa matumizi ya nyumbani, mafuta haya ni makali mno. Tone 1 kwa vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi linatosha kuchulia. Yasipakwe yakiwa matupu kwenye ufizi wa mtoto, na yasinywewe: yakinywewa huweza kuharibu ini. Chupa iandikwe jina na tarehe, na ifungiwe kabatini mbali na watoto.