Kabla hujarusha picha: kebo kwanza, antena baadaye

Mtu akiipata HackRF, redio ndogo inayoendeshwa na kompyuta, na kusikia kwamba inaweza kurusha televisheni ya dijitali, hamu yake ya mwanzo ni kuiona picha yake mwenyewe kwenye runinga ya ukumbini. Nami hamu yangu ilikuwa hiyo hiyo. Kamera, kompyuta, kisanduku kidogo cha redio, halafu king'amuzi kile kile cha nyumbani kinaonesha chaneli ambayo jana haikuwepo. Yote hayo yanawezekana chumbani, Kikwajuni au Chake Chake, bila ya antena hata moja. Ndivyo ninavyokuomba uanze: mawimbi yatoke kwenye redio, yapite ndani ya kebo, yaingie king'amuzini, na yaishie humo.

Sababu ni hesabu nyepesi. Chaneli ya 21 ya UHF ina kitovu chake kwenye megahezi 474. Redio hizi ndogo hazina chujio la maana mlangoni pa kutolea, kwa hiyo ukirusha 474 hutoka pia mwangwi wake, yaani mawimbi dhaifu zaidi kwenye masafa maradufu, 948. Hapo, kati ya 935 na 960, ndipo minara inapozungumza na simu zetu. Mji Mkongwe dirisha la huyu linatazamana na baraza ya yule. Jirani aliyempigia mwanawe Pemba atakatikiwa na maneno na hatajua kwamba chanzo ni wewe.

Kwa upande wa sheria sirefushi. Masafa yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na utangazaji wa Zanzibar uko chini ya Tume ya Utangazaji Zanzibar. Hata leseni ya redio ya ridhaa, ile inayokupa jina la mwito linaloanzia na 5H, haikuruhusu kurusha kwenye chaneli za runinga. Bila ya kibali, antena ibaki sandukuni.

Sasa kebo yenyewe, na hapa nataka tukae kidogo. Ving'amuzi vingi vina uwezo wa kupeleka umeme wa volti 5 kwenye tundu la antena, kwa ajili ya antena zenye kikuza mawimbi. Ukiunga king'amuzi na redio moja kwa moja, volti hizo zinapanda kwenye kebo na kuingia mlango ambao haukujengwa kuzipokea. Mimi niliyagundua haya nikiwa nimeshaunga kila kitu, kwa kupima tu kwa mita, na mkono ukanitetemeka. Kwa hiyo ingia kwanza kwenye menyu ya king'amuzi, zima umeme wa antena, kisha pima mwenyewe. Juu ya hapo weka kizuizi cha umeme wa DC, kifaa kidogo kinachopitisha mawimbi na kuzuia volti hizo, kwani menyu hujirudia kama zamani king'amuzi kikifutwa mipangilio.

Halafu punguza nguvu. HackRF hutoa takribani miliwati 10 kwenye masafa haya. King'amuzi kimezoea chembe tu za nguvu hiyo. Tia ateniueta, yaani kipunguza mawimbi, ya desibeli 40, na kikuza cha ndani ya redio kiache kimezimwa. Usidhani ateniueta inachukua nafasi ya kizuizi cha DC.

Hesabu ya data ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Kwa DVB-T, kizazi cha kwanza cha televisheni ya dijitali ya antena, yenye upana wa megahezi 8, ukichagua QPSK (namna ya kubebesha biti mawimbini), usahihishaji wa makosa wa 1/2 na nafasi ya ulinzi kati ya alama ya 1/4, mkondo wako lazima uwe biti 4,976,470 kwa sekunde. Si milioni tano kwa kukadiria. Video ikipungua, programu ya kufungasha inajaza vifurushi vitupu, kila kimoja baiti 188, mpaka hesabu itimie. Ukikosea, king'amuzi kinaishika chaneli na jina lake unaliona, lakini picha inaganda. Anza na DVB-T hata kama vituo vyetu vinatumia DVB-T2, kizazi cha pili: king'amuzi cha T2 kwa kawaida hukisoma kizazi cha kwanza pia, na kompyuta haichoki sana. Runinga za mtumba usiziamini, nyingine ni za analogia tupu.

Kompyuta ikiwa dhaifu, usiilazimishe kutengeneza mawimbi papo kwa papo. Yatengeneze kabla kwa GNU Radio, programu huria ya kuchakata mawimbi, uyahifadhi kwenye faili, ndipo uicheze. Sampuli ni milioni 9.14 kwa sekunde, baiti mbili kila moja, kwa hiyo dakika moja ni kama gigabaiti 1.1. Hakikisha diski ina nafasi.

Vichwa vya kebo vikague kila baada ya wiki chache. Chumvi ya bahari huku kwetu inaingia hata kabatini, na kichwa chenye kutu huvujisha mawimbi.

Mwisho, tafuta RTL-SDR, ile ya kupokea tu, yenye kiantena chake kidogo. Anza kurusha ndani ya kebo, kisha tembea nayo: mlangoni, dirishani, kwenye baraza. Sikiliza 474, halafu 948. Mwenzako azime na kuwasha huku wewe unatazama skrini. Mstari wa chini ukipanda kila anapowasha, rudi ndani uzime, kaza vichwa au badilisha kebo, na uanze tena kutembea kutoka mlangoni.