Bajeti ya kwanza ukiwa huna mshahara: tulivyoipanga na binamu yangu wa Kibuye

Binamu yangu anauza mitumba soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mwezi wa tano alinijia na swali moja: "Omera, simu yangu imepitisha pesa nyingi Aprili yote, na kodi ya nyumba bado sijalipa. Zinaenda wapi?" Tulikaa na hesabu jioni tatu. Mbili kati ya hizo niliziharibu mimi, kwa kosa utakalolikuta kwenye hatua ya tatu. Kama una mshahara unaoingia tarehe ileile kila mwezi, mwongozo huu utakufaa nusu tu.

Hatua ya kwanza: daftari

Nunua daftari la mistari, kalamu ya buluu na nyekundu. Programu za bajeti za simu sizipendi. Ukiwa kibandani na mteja amekushikia suruali anataka apunguziwe, hutafungua programu. Daftari liko pale chini ya meza.

Hatua ya pili: taarifa ya M-Pesa

Iombe kwenye programu ya M-Pesa au kwa *334#, taarifa kamili ya mwezi mmoja uliokwisha, itumwe kwa barua pepe. Miezi sita ni mingi, utachoka ukurasa wa nne. Faili huja imefungwa, kwa hivyo soma ujumbe unaoandamana nayo kabla hujaanza kulaumu mtandao. Ichapishe saiba, duka la kompyuta na intaneti, na usiondoke kabla hujaifuta kwenye kompyuta yao.

Hatua ya tatu: safisha taarifa

Hapa ndipo nilipoangukia. Ukurasa wa kwanza una jumla ya pesa zilizoingia na zilizotoka. Ya binamu yangu ilisema zimeingia shilingi 58,400. Nikamwambia anapata vizuri, tatizo ni matumizi. Akanuna, na alikuwa na haki. Jumla ile huhesabu kila kitu kilichogusa laini yake, hata pesa isiyo yake.

Pitia mstari kwa mstari na kalamu nyekundu, ukate yafuatayo.

Kwanza Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha. Ukikopa, taarifa huiandika upande wa pesa zilizoingia, kwa maneno "OverDraft of Credit Party". Mimi nilidhani ni mteja amelipa! Pesa yoyote ikiingia baadaye, deni hukatwa lenyewe, na hapo utaona "OD Loan Repayment". Kata yote mawili, ubakishe ada tu, ambayo ni matumizi halisi. Ila angalia: ukikuta malipo ya deni mwanzoni mwa mwezi yasiyo na mkopo wake, hilo ni deni la mwezi uliotangulia. Hilo usilikate, liandike kama deni la zamani. Bila hivyo hesabu haitafunga, na utakaa hadi saa sita usiku kama mimi ukijumlisha upya kitu kilekile. Kwake Fuliza peke yake ilikuwa 11,300.

Pili, pesa unazojirudishia mwenyewe. Alikuwa ametoa 6,500 kwenye M-Shwari, akaunti ya akiba ya simu, kwenda M-Pesa. Hiyo ni akiba yake inarudi, si kipato. Vilevile 7,000 alizoweka kwa wakala, zilizokuwa pesa alizokuwa ametoa siku chache kabla.

Tatu, pesa za watu. Yeye ndiye mweka hazina wa chama, kikundi chao cha kuchangiana, na michango ya wenzake, 9,000, ilipitia simu yake. Maoni yangu hapa ni makali: pesa za chama zisikae kwenye laini unayonunulia unga. Tafuta laini nyingine.

Ukitoa hizo zote, 58,400 inabaki 24,600. Nazo ni mauzo, si faida. Mzigo aliulipia 14,000, zikabaki 10,600.

Upande wa matumizi kuna mtego mmoja. Kutoa pesa kwa wakala si matumizi, pesa imehama tu kutoka simu kwenda mfukoni. Ukiandika elfu uliyotoa, halafu ukaandika omena na unga ulionunua kwa elfu hiyo, daftari litasema umetumia elfu mbili. Kinacholiwa kweli ni ada ya kutoa. Kwa viwango vya sasa kutoa 200 ni shilingi 29, na kutoa 1,000 ni 29 ileile. Binamu yangu alikuwa anatoa mia mbili mbili, mara tano kwa wiki: 145 badala ya 29.

Hatua ya nne: pesa taslimu

Kwa siku 14 andika kila noti inayoingia na kutoka mkononi. Yeye alipata 4,100 ambazo simu haizijui, kwa hiyo tukakadiria 8,200 kwa mwezi. Jumla: 18,800.

Hatua ya tano: gawa kwa wiki mbaya

Usigawe 18,800 kwa nne ukafurahi. Tafuta wiki iliyokuwa mbaya kuliko zote, upange kwa hiyo. Yake ilikuwa 3,200, wiki ambayo mvua ilinyesha Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ya Kibuye.

Kodi ya nyumba Manyatta ni 4,500, hivyo kila wiki 1,125 inatoka kabla ya kitu kingine. Chakula 1,100: gorogoro ya mahindi, omena, sukuma wiki, mafuta. Nauli 350, tokeni za umeme na maji 175, chama 200.

Halafu matanga, 100. Nilitaka tuliite fungu la dharura, akakataa. "Dharura ni kitu hukitarajii. Matanga yanakuja kila mwezi." Nikafuta. Mtu wa huku kwetu asiyeweka fungu la matanga atalichota kwenye kodi, kwa sababu hakuna atakayesimama mbele ya wafiwa aseme bajeti yake haikuruhusu.

Zikabaki 150. Kidogo, lakini ni za wiki mbaya. Wiki nzuri inapoleta 5,500, kile cha ziada kwanza kinamaliza Fuliza, kisha kinaingia kwenye akiba ya kufungwa ya M-Shwari kwa ajili ya karo ya Januari. Napenda ile ya kufungwa kuliko ya kawaida, maana akiba unayoweza kuichota ukiwa kwenye foleni ya chipsi utaichota.

Hatua ya sita: kikao cha Jumatatu

Jumapili usiku amechoka, kwa hiyo tulichagua Jumatatu asubuhi kabla hajafungua mzigo. Dakika ishirini, daftari na chai. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, usichane karatasi. Yeye alichana ya wiki ya pili, na mwisho wa mwezi tulikuwa tunatafuta shilingi 640 zilizokuwa zimeandikwa pale.