SOMO: Kupima suruali ya kupandia mlima kabla hujaiamini

Suruali ya mlimani ni nadra kuchanikia katikati ya kitambaa. Huachia msambani, huisha kwenye magoti na makalio, au hufumuka kwenye pembe ya mfuko. Anayeishika sokoni, akaivuta mara mbili pajani na kusema "hii ngumu", amepima mahali ambapo haina tatizo. Huku kwetu Dodoma, Kondoa na Singida mlima ni mawe ya graniti yanayokwaruza, miba ya kikwata na vumbi la kiangazi. Ukienda Hanang, kilele kiko mita 3,420, kuna baridi na ukungu juu yake. Suruali ipimwe kwa hayo.

Andaa mizani ya jikoni, futi ya fundi, msasa namba 120 karatasi mbili, kibao cha sentimita 5 kwa 5, paketi ya sukari ya kilo 1, kiti, kiberiti, tawi la kikwata na mguu wa jinzi kuukuu. Jinzi ndiyo kipimo chako cha kulinganishia, kwa sababu tayari unajua inavyodumu.

Jambo moja kabla ya yote: suruali nyingi za mtumba ni ndefu, na fundi hukata hata sentimita 10 za pindo. Mwambie asitupe. Hicho kipande ndicho utakachokiumiza badala ya suruali yenyewe.

Hatua ya 1: Jua kitambaa

Lebo ikiwepo, isome. Kama imekatwa, chomoa nyuzi chache kwenye kipande cha pindo uziwashe juu ya sahani ya bati. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni na poliyesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Poliyesta hutoa moshi mweusi zaidi. Mchanganyiko huacha majivu yenye punje ndani yake.

Kwa mawe, nailoni huvumilia msuguano kuliko poliyesta na pamba za uzito uleule. Uzito unaofaa kwa mwendo wa siku nzima ni gramu 180 hadi 250 kwa mita ya mraba. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10 kwenye pindo, uupime, zidisha kwa 100. Kama mizani yako haisomi chini ya gramu 1, pima miraba minne kwa pamoja, kisha zidisha kwa 25.

Hatua ya 2: Mishono

Hapa usiharakishe. Hesabu mishono ndani ya sentimita 2.5. Inayofaa ni 8 hadi 10. Ikiwa chini ya 7, mshono hufunguka ukivutwa. Ikizidi 12 kwenye kitambaa chepesi, sindano imetoboa matundu mengi mno na kitambaa huchanika kwa kufuata mstari wa matundu hayo.

Kisha shika pande mbili za mshono wa makalio, vidole vikiachana sentimita 5, uvute kwa nguvu ukielekeza dirishani. Ukiona mwanga kati ya nyuzi za kitambaa, si uzi wa kushonea uliolegea. Ni kitambaa chenyewe kinachoteleza kutoka kwenye mshono. Kosa hilo fundi halitibu kwa kurudia mshono palepale. Lazima aukunje na kuushona mara mbili kama wa jinzi, na hapo suruali itapungua kidogo.

Angalia msamba. Mishono minne ikikutana sehemu moja kama msalaba, mzigo wote unaangukia nukta moja. Suruali nzuri ina kipande chenye umbo la almasi kilichoongezwa hapo. Kama haina, fundi anaweza kukiweka: upana wa sentimita 10 hadi 12, uzi wa poliyesta, sindano namba 90 au 100. Uzi wa pamba usikubali, jasho na jua huumaliza mapema.

Hatua ya 3: Kupanda kiti

Vaa suruali. Weka mguu mmoja juu ya kiti cha sentimita 45, inama mbele, panda. Mara 10 kila mguu. Kiuno kikishuka nyuma au goti likikamatwa, imebana. Sasa lowesha mapaja na magoti kwa maji, urudie. Wengi hawafanyi hivyo, na ndipo suruali zinapoumbuka: kitambaa chenye jasho hunata kwenye ngozi, hakitelezi tena, na mvuto wote unahamia msambani.

Hatua ya 4: Msuguano

Funga kipande cha pindo kwenye kibao, weka paketi ya sukari juu, sugua kwenye msasa mwendo wa sentimita 20. Kwenda na kurudi ni moja. Simama kila baada ya 25, kiinue kwenye mwanga. Andika namba uliyoona uzi wa kwanza kukatika na namba ya tundu la kwanza. Fanya hivyohivyo kwa jinzi.

Kila kipande kipate msasa mpya. Msasa uliotumika umeshakuwa butu, na kipande cha pili kitaonekana imara bila kustahili. Sugua pia kwa mwelekeo wa mtande (nyuzi za urefu) na wa mshindio (nyuzi za upana), kwa kuwa vitambaa vingi vina upande dhaifu. Vile vinavyovutika sana mara nyingi hutoa vibonge vya nyuzi mapema. Vibonge peke yake si uharibifu, ila kitambaa kikianza kupitisha mwanga pembeni mwake, kinaisha.

Hatua ya 5: Miba

Viringisha gazeti, livalishe kipande, buruta tawi la kikwata juu yake. Miba yake imepinda kama ndoana, kwa hiyo haichomi tu, inavuta. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana kitauachia mwiba. Kilicholegea kitatoa kitanzi cha uzi. Usikikate, kirudishe ndani kwa sindano butu. Halafu kata mkato wa sentimita 1 ukingoni, uvute kwa mikono miwili. Kitambaa chenye miraba midogo ya nyuzi nene huzuia mpasuko kwenye uzi nene wa kwanza. Hiyo ni sifa ya kulipia.

Hatua ya 6: Maji

Pima suruali kavu, iloweke dakika 10, ikamue kwa mikono, pima tena. Ya gramu 400 ikirudi na 560 imebeba asilimia 40, inakubalika. Pamba nzito inaweza kubaki na maji yanayokaribia uzito wake. Usijipe moyo kwa kuianika nje: upepo na hewa kavu ya Dodoma mwezi wa saba hukausha karibu kila kitu. Ianike ndani usiku, mahali pasipo upepo.

Zipu: fungua na funga mara 50, ukiwa umeipaka vumbi. Ikikwama, brashi kavu kisha nta ya mshumaa.

Hatua ya 7: Matembezi

Tembea kwa muda wa saa mbili kwenye vilima vya mawe ukiwa na mzigo wa kilo 6, ukikaa na kuteleza kwa makusudi kwenye jiwe. Ukirudi kagua msamba, makalio, magoti, pindo la ndani na pembe za mifuko.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kondoa): Mkuu, jinzi yangu imeshinda nailoni kwenye msasa. Kwa nini nisiivae?

Jibu: Kwa matembezi ya kiangazi, mfano kwenye michoro ya miambani kule Kolo, ivae kama haibani magoti. Hanang usiivae. Ikilowa ni nzito, haikauki, na baridi ya juu itakukuta na miguu mibichi.

Swali (Manyoni): Rangi ina maana yoyote?

Jibu: Kwenu ina maana kubwa. Ndorobo, yaani mbung'o, huvutwa na buluu iliyokolea na nyeusi, kwa hiyo chukua kaki au kijivu. Na mtumba wa mabakamabaka ya kijeshi uuache hata ukiwa bora. Raia haruhusiwi kuuvaa.

Swali (Mpwapwa): Shikamoo mwalimu. Nimeweka viraka vya magoti, vimechanika pembeni. Kosa liko wapi?

Jibu: Marahaba binti. Kiraka ni kigumu kuliko suruali, na kina pembe kali. Kitambaa kinakunjika pale pale ukingoni mpaka kinakatika. Kata kiraka kisizidi uzito wa suruali, zungusha pembe, na kingo za juu na chini zipite kifuniko cha goti kwa sentimita 7. Kishone goti likiwa limekunjwa kidogo, si suruali ikiwa imelazwa mezani.

Swali (Singida): Nailoni na moto wa kambi?

Jibu: Cheche moja hutoboa tundu. Kaa mbali, au jifunge shuka la pamba mapajani.