Namna ya kulinganisha viwango vya mauaji kati ya majiji makubwa

Kila mwaka orodha za majiji hatari zaidi duniani husambaa mitandaoni. Nachambua takwimu hizi kikazi, na nyingi ya orodha hizo huwachafulia jina mamilioni ya wakazi bila haki, kwa sababu aliyeziandaa hakujiuliza jiji linaishia wapi. Kabla hujachapisha yako, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Anza na mauaji. Kujeruhi, unyang'anyi na ubakaji huingia kwenye hesabu pale tu mtu anapokwenda kuripoti, na kila nchi ina namna yake ya kuhesabu. Sweden, kwa mfano, ubakaji uliorudiwa mara kadhaa na mtu yuleyule huandikwa kama makosa kadhaa. Mauaji ni magumu zaidi kufichika.

Hatua ya 2: Jua nani amehesabiwa. Mauaji 2,245 ya New York mwaka 1990 yanajumuisha watu 87 waliokufa ukumbi wa Happy Land, Bronx, ulipochomwa moto kwa makusudi. Lakini idadi ya 2001, yaani 649, haina waliouawa Septemba 11. Brazil nao humwandika aliyeuawa katika unyang'anyi kwenye fungu lake, mbali na mauaji mengine ya kukusudia. Angalia na mwaka: waathiriwa 172 wa daktari Harold Shipman waliingizwa kwenye takwimu za England na Wales za 2002/03, ingawa aliwaua miaka mingi kabla. Usipolijua hilo, utadhani mwaka ule nchi ilichafuka ghafla.

Hatua ya 3: Kokotoa. Gawanya idadi ya mauaji kwa idadi ya wakazi, kisha zidisha kwa 100,000. Mwaka 2020 St. Louis, Marekani, ilikuwa na mauaji 263 na wakazi 301,578: kiwango ni 87. New York ilipoteza watu wengi zaidi, zaidi ya 460, lakini ilikuwa na wakazi milioni 8.8, hivyo kiwango chake ni kama 5.

Hatua ya 4: Kagua mipaka. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, kwa hiyo usiwe na haraka. St. Louis ilijitenga na kaunti yake tangu kura ya 1876. Kaunti hiyo, yenye wakazi wapatao milioni 1 na vitongoji vingi vilivyo tulivu, haimo kabisa kwenye hesabu ya jiji. New York, kwa upande wake, imekumbatia hadi kisiwa cha Staten Island, chenye mitaa mingi ya nyumba za familia. Ukiyaweka majiji haya mawili kwenye safu moja, sehemu ya tofauti unayoiona imetokana na ramani. Vifo vya St. Louis ni vya kweli na kiwango cha 87 kinatisha. Namba hiyo inafaa kabisa kuifuatilia St. Louis yenyewe mwaka hadi mwaka. Kwa kulinganisha na kwingine, tafuta takwimu za eneo zima la jiji pamoja na vitongoji vyake. Zikikosekana, usipange nafasi ya kwanza hadi ya mwisho. FBI, shirika la upelelezi la Marekani linalokusanya takwimu hizi, wenyewe huonya dhidi ya kupanga majiji kwa namna hiyo.

Hatua ya 5: Tumia muda mrefu. Mwanzoni mwa 2018 vyombo vya habari vilitangaza kwamba London imeipita New York kwa mauaji, kwa tofauti ya mtu mmoja hivi katika mwezi. Mwaka ulipoisha, London ilikuwa na takribani 130 na New York zaidi ya 280. Chukua wastani wa miaka mitatu hadi mitano.

Hatua ya 6: Shuka mitaani. Mauaji hujikusanya kwenye mitaa michache, na mitaa hiyo mara nyingi ni ileile miaka nenda rudi. Pata takwimu za kila kata, uzikokotoe kwa fomula ileile, kisha uzichapishe sambamba na kiwango cha jiji zima. Mkazi atafute kata yake kwanza.