Kusafisha pistoni na gia kuukuu ziwe pambo la mezani

Pistoni iliyokufa, gia iliyong'oka meno, vali iliyopinda: gereji nyingi huziuza kwa kilo pamoja na chuma chakavu. Angalia umbo, uzima wake haukuhusu. Pistoni ikiwa na konrodi yake, yaani mkono wa chuma unaoishika kwa chini, husimama vizuri mezani, na gia pana hufaa kuwa uso wa saa. Gasketi na breki za magari ya zamani ziache hukohuko, maana nyingi zilitengenezwa kwa asbesto na vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

1. Tambua metali. Hapa ndipo kazi inapoharibikia. Pitisha sumaku: konrodi na gia zitanasa, ni chuma. Pistoni nyingi hazinasi, na ukizipima mkononi ni nyepesi. Hizo ni aluminiamu. Vali za ekzosi huchanganya, kwa sababu nyingine ni chuma kisichoshikwa na sumaku, na shina lake huweza kuwa na tundu lenye sodiamu, metali inayowaka ikigusa maji. Kwa hiyo vali isafishe tu. Usiikate wala kuitoboa.

2. Fungua. Vaa miwani kabla ya kung'oa klipu inayoshika pini ya pistoni, huruka kama risasi. Ringi zivue taratibu. Hukatika kirahisi na kingo zake ni wembe.

3. Toa mafuta. Kwangua grisi kwa kijiti, kisha loweka vipande kwenye dizeli usiku kucha, katika ndoo yenye mfuniko, nje ya nyumba. Petroli usiiguse kwa kazi hii hata kama fundi wako huitumia kila siku: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye jiko la mkaa. Asubuhi sugua kwa brashi, sabuni ya unga na maji ya moto. Dizeli chafu usiimwage mtaroni. Ipeleke gereji yenye pipa la oili chafu.

4. Chuma. Gia yenye kutu itumbukize kwenye siki nyeupe, izame yote, kuanzia nusu siku hadi siku nzima. Kutu italegea iwe tope jeusi linalotoka kwa brashi ya waya. Suuza kwa maji ya magadi ili kuua asidi, halafu ya kawaida, na ukaushe palepale. Ukiiacha na maji uende kunywa chai, utakuta imeshavaa rangi ya chungwa, hasa ukikaa Tanga au Mombasa ambako hewa yenyewe ina chumvi. Ikikauka, ipake oili nyepesi ikisubiri hatua ya mwisho.

5. Aluminiamu. Magadi na kostiki soda ni mwiko hapa: huila metali, huifanya nyeusi, na kostiki hutoa povu la haidrojeni, gesi inayowaka. Tumia sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu kwenye mifereji ya ringi. Masizi magumu ya juu ya pistoni yalainishe kwa mafuta ya taa, ukwangue kwa kipande cha mbao ngumu yakiwa yamelowa. Pistoni za injini ya petroli za kabla ya 2006 huenda zina madini ya risasi (ledi), sumu iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli, katika masizi hayo, kwa hiyo usiyakwangue makavu, na vaa glavu na barakoa. Malizia kwa msasa wa maji namba 400, kisha 800. Mimi sing'arishi kichwa cha pistoni mpaka kiwe kioo. Alama za vali na namba zilizogongwa kiwandani ndizo zinazoeleza kilitoka wapi.

6. Ziba. Futa mafuta yote kwa spiriti, kisha pulizia vanishi isiyo na rangi, matabaka mawili membamba, la kwanza likikauka ndipo la pili. Gundisha chini kipande cha kandambili iliyochakaa ili meza isichubuke.