Kufundisha michirizi ya sumaku chini ya bahari kwa jiwe, dira na manila

Michirizi ya sumaku ni mikanda ya miamba ya sakafu ya bahari ambayo sumaku yake inapishana, mmoja ukielekea kaskazini, unaofuata kusini. Mada hii huwapita wanafunzi kwa sababu tunawachorea ubaoni michirizi iliyokwisha kupangwa, kulia na kushoto sawasawa, kisha tunawaambia wakariri. Waache waitengeneze wenyewe. Sisi tulio Mbeya tuna bahati, mawe yenyewe tunayo.

Hatua ya 1: Jiwe

Tafuta basalti, lile jiwe jeusi zito la volkano. Pande za Tukuyu na Kiwira limejaa. Weka dira juu ya meza ya mbao, mbali na simu, funguo na chuma chochote. Sindano ikitulia, sogeza jiwe polepole kutoka upande wa mashariki mpaka likaribie kuigusa dira. Sindano itacheza, mara nyingi digrii chache tu, kwa hiyo wanafunzi wainame waangalie kwa makini. Sasa geuza jiwe, upande uliotazama dira utazame nje. Sindano ikielekea upande wa pili, jiwe hilo lina sumaku yake lenyewe. Isipotikisika, jaribu jingine. Usiharakishe hapa; kila mmoja ashike jiwe na ajionee.

Ndipo uwaeleze: lava inapopoa chini ya nyuzi 580 hivi za Selsiasi, chembe za magnetaiti (madini ya chuma yenye sumaku) zilizomo hushika uelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati huo na kubaki nao. Sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi, mara ya mwisho miaka 780,000 hivi iliyopita. Kabla ya hapo, sindano ya kaskazini ingeelekea kusini.

Hatua ya 2: Manila

Sogeza madawati mawili, uache ufa mwembamba katikati. Huo ndio mgongo wa bahari, mahali sakafu ya bahari inapoachana na lava mpya kupanda. Pitisha vipande viwili vya manila kutoka chini, kimoja kila upande. Vuteni vyote sentimita 5 nje, mpake nyekundu sehemu iliyotokeza. Vuteni tena sentimita 9, sehemu mpya ipakwe bluu: sumaku imegeuka. Mwisho sentimita 4, nyekundu tena. Kila sentimita ni miaka 200,000. Hakuna aliyepanga ulinganifu, ila pande mbili zimefanana, na miamba ya zamani zaidi iko mbali zaidi na ufa.

Hapo ndipo majina yana maana. Mwaka 1963 wanajiolojia Waingereza Frederick Vine na Drummond Matthews walieleza michirizi hii wakitumia vipimo vya sumaku vilivyochukuliwa na meli juu ya mgongo wa Carlsberg, humu humu katika Bahari ya Hindi.

Hatua ya 3: Hesabu

Wape zoezi: mpaka kati ya michirizi miwili, wa miaka 780,000, uko kilomita 15.6 kutoka mgongoni. Kilomita hizo ni sentimita 1,560,000. Gawanya kwa miaka, unapata sentimita 2 kwa mwaka. Wakumbushe kuwa huo ni upande mmoja. Bahari yote inatanuka sentimita 4, na hapa ndipo wengi hupoteza alama.

Hatua ya 4: Swali la Ziwa Nyasa

Lazima mtu aulize kama chini ya Nyasa kuna michirizi. Hakuna. Bonde letu la ufa linavutika milimita chache tu kwa mwaka, na chini ya ziwa bado kuna ukoko wa bara, yaani mwamba wa nchi kavu, si sakafu mpya ya bahari. Mfunulie ramani umwonyeshe Bahari ya Shamu: Afrika na Arabia zimekwisha kuachana, na katikati yake sakafu mpya ya bahari inazaliwa, ikiwa na michirizi yake.